Kidaka cha Juu

Kisu nilikiweka drooni; Shekuwe akaivuta kabla sijageuka.
Nikakitundika ukutani, na chumvi ya Mkomani
ikayala makali kabla ya Ijumaa.

Sasa nakiosha, nakifuta, nakipaka mafuta ya nazi,
nakivika ala ya ngozi aliyonishonea fundi viatu,
nakilaza kwenye kidaka cha juu,
palipokaa sahani za bibi, zile za kutazamwa tu.
Vibao viwili nimevisimamisha dirishani vikauke:
cha nguru,
na cha vitunguu. Havijuani.

"Mtoto akililia wembe, mpe,"
Bi Mwanaesha ananitania mlangoni.
Namwonyesha kovu la kidole changu:
mimi nilipewa.

Shekuwe analia chini ya kidaka,
mikono juu.
Nampa mwiko.