Daftari la Karakana

Mimi natunza vifaa. Cheo changu kiko mlangoni
kwa rangi inayobanduka: Adriko, Mtunza Stoo.
Daftari langu lina safu tatu:
kimetoka, kimerudi, kimepotea.
Miaka kumi na minne katika chuo hiki cha ufundi, Arua,
sijawahi kuhitaji safu ya nne.

Muhula ulipoanza, mhadhiri Kyomukama alifuta ubao
akasema: mwaka huu sisahihishi michoro.
Nileteeni risiti.
Mtu asiye shangazi yako, asiyekuonea huruma,
atoe shilingi yake kwa kitu ulichokitengeneza wewe.
Darasa likacheka.
Yeye hakucheka.

Siku ile ile foleni ilifika kwenye tangi la maji.
Koleo, tupa, misumeno ya chuma;
jiliwa moja tu, likagombewa kama sufuria ya msibani.
Asega alitengeneza makaa ya maganda ya muhogo:
yalitoa moshi, moto hayakutoa.
Buatru na mwenzake wakaunda taa ya jua
iliyowaka vizuri sana mchana.
Nilicheka, nakiri.

Ayikoru alichukua keekee na ncha namba nane.
Sahihi yake imelala upande, kama mtu anayekimbia.
Gurudumu la baiskeli, pipa lililopasuliwa, nondo:
mashine ya kubangua karanga.
Ilibangua. Ilisaga pia.
Akaikokota hadi sokoni, kwa Mama Candiru,
naye akachota kiganja cha unga mwekundu, akapuliza.
"Mwanangu, chuma umekisomea.
Karanga umeisomea wapi?"

Hakuna somo la hilo. Nilitazama ratiba, hakuna.

Wiki tatu hakuonekana karakana.
Alikuwa jamvini, katikati ya magunia,
akibangua kwa vidole pamoja na wanawake,
akijifunza kwamba karanga ya Julai si ya Desemba,
kwamba ganda lililonyeshewa lina ukaidi wake,
kwamba dole gumba haliipondi karanga. Linaisukuma.

Aliporudi alibeba kandambili mbovu, jozi sita.
Akakata soli, akazifunga pale palipokuwa na chuma.
Saa kumi na moja jioni ni saa ya kufunga;
kanuni iko ukutani, niliigongomea mwenyewe.
Saa kumi na moja ikafika. Giza likafika. Umeme ukaondoka.
Akanitazama.
Nikazitazama funguo kana kwamba ni za mtu mwingine.
Nilishika tochi mpaka saa nne usiku.
Mke wangu hadi leo haamini kwamba nilishika tochi tu.

Risiti imeandikwa nyuma ya kipande cha boksi la sabuni:
elfu themanini. Ishirini taslimu, nyingine baada ya mavuno.
Mahali pa sahihi kuna alama ya dole gumba,
lile lile lisiloponda.
Kyomukama aliisoma mara mbili.
"Na asipolipa?"
"Nitakwenda kukaa naye jamvini," Ayikoru akasema,
"nijue kwa nini."

Jana amerudisha ncha namba nane.
Butu, imepungua urefu, nyeusi ubavuni,
haitoboi hata ndizi mbivu.
Nimefungua daftari. Kimetoka: ndiyo.
Kimerudi: nini hasa kimerudi?
Kupotea haikupotea. Najua ilikokwenda,
matundu yake yako sokoni, yanapitisha karanga.
Nimechukua rula, nikapiga mstari wa safu ya nne.
Juu yake sijaandika neno bado.
Mkaguzi akija, tutazungumza.

Sasa naitwa dirishani. Ni Asega tena,
anaomba wavu wa waya na nyundo ndogo.
Kidole chake kimefungwa kitambaa.
Yaliwaka, ananiambia,
safari hii yaliwaka.