Mistari Mitatu

Fomu ya pensheni imenipa mistari mitatu.
Taja nafasi ulizoshika. Mitatu tu,
kwa miaka thelathini na minane.
Nimechonga penseli kwanza. Wino nauogopa
tangu mwaka ule, nitaufikia.

Nianze na ghorofa ya chini, Maribor,
daftari la vizazi na vifo, mlango mmoja kwa wote,
baba mwenye sigara sikioni akipishana na mjane.
Niliandika mapacha wa mwokaji Koprivnik
nikawapa tarehe mbili, maana usiku wa manane
ulipita katikati yao.
Mama yao alicheka mpaka akashika mishono.
Bado wananisalimu darajani, kila mmoja na siku yake.

Kisha ardhi. Nikavaa buti, nikaburura utepe
kwenye miteremko ya mizabibu ya Haloze,
ambako ndugu wawili walinuniana miaka kumi na tisa
kwa ajili ya mpea mmoja.
Mpaka ulipita ndani ya shina.
Nikaandika hivyo: ndani ya shina.
Mkuu wangu akaniita mshairi, na hakuwa akinisifu.

Kisha mizani ya sokoni, kisha leseni za mbwa,
kisha vipupwe viwili idara ya maji,
nikisoma kimo cha Drava alfajiri, vidole vimekufa ganzi,
na kumpigia simu bwana mmoja wa Ljubljana,
Cvetko, nisiyepata kumwona,
aliyejibu kila siku neno moja: "Sawa."
Siku aliyostaafu alisema mawili:
"Sawa, Vlasta."

Halafu nchi ikabadilika juu ya meza yangu.
Meza ile ile. Picha ikashuka, ukuta ukabaki na mraba mweupe;
mhuri mpya ukaja ndani ya sanduku la viatu,
na wino wake ulinuka vilevile.

Dirisha namba tano.
Waraka ulikuwa na aya nne, nilizisoma mara mbili.
Walikuja na kadi zao, watu wa kusini,
kutoka jamhuri ambazo juzi tu
zilikuwa vyumba vya nyumba moja,
nasi tukaagizwa kuzitoboa.
Si kuchana, si kufuta. Tundu moja,
kwa mashine niliyotobolea risiti za mbwa.

Rasim Delalić, mchomeleaji wa kiwanda cha malori,
alinikabidhi ya kwake akitabasamu,
akidhani namwongezea muda.
Binti yake nilimwandika mimi, ghorofa ya chini.
Krak.
Kipande kidogo cha duara kikaanguka sakafuni,
na mfagiaji akaja saa kumi, kama kawaida.

"Mjumbe hauawi," wenzangu walisema wakati wa kahawa.
Kweli, hauawi.
Hupandishwa cheo.

Nikapandishwa: Ljubljana, zulia, ufunguo wa choo cha wakubwa.
Nilikaa kwenye kamati ya vizimba vya kuku.
Nilikwenda Brusseli mara kumi na moja
na mara zote kumi na moja nilisahau mwavuli.
Ilikuwa kazi njema, sitaikana.
Kuku wana nafasi zaidi sasa.

Miaka miwili ya mwisho niliiomba mwenyewe:
chumba kisicho na dirisha,
mafaili ya waliotobolewa, kuwarudisha mmoja mmoja.
Hakuna aliyenigombania kiti.
Binti wa Rasim alikuja mwezi wa Machi.
Baba alikwisha zikwa Tuzla.
Akaweka kadi mezani, akauliza kama nakala inatosha.
Nakala ilitosha.
Nikasema nahitaji asili,
nikaishika mpaka taa ikapita kwenye tundu
na kuniangukia kidoleni.
Sikumwambia. Nilimpa risiti.

Mstari wa kwanza: daftari la vizazi.
Mstari wa pili: dirisha namba tano.
Wa tatu nimeuacha.
Karani wa mapokezi ni kijana, ana mwandiko wa duara;
ataniambia fomu haijakamilika,
na atakuwa sahihi.