Kinga na Kinga

Huku kwetu Lubumbashi baiskeli ni kinga.
Wageni wa pwani hucheka: kinga dhidi ya nini?
Dhidi ya njaa, nawajibu,
nikizamisha mpira kwenye beseni
nione pumzi inapotorokea.

Mimi ni Mukalay, fundi wa njia ya Kasenga,
chini ya bati lililogandamizwa kwa matofali.
Wateja siwaulizi jina. Nawauliza: imetoboka wapi?
Mtu akishajibu hilo
amejieleza vya kutosha.

Lakini Jumamosi ile mvua ilitufungia pamoja,
watu watano, kinga nne (fundi sina yangu),
pampu moja,
na kimya chenye harufu ya matope.

Akaanza mwenye magunia, Mwansa.
"Natoka kilomita sitini, makala magunia manne.
Msitafute kiti, nilikitoa mwaka juzi.
Mimi siendeshi, nasukuma.
Kupanda ni siku ya kurudi tu, mzigo ukishaisha,
na hapo ndipo upepo unanitambua."
Akakohoa, akafuta mdomo.
Kiganja kikabaki cheusi vilevile.

Mama Kabedi, mkunga wa Katuba:
"Hii ilikuwa ya marehemu. Ina mtaimbo wa kiume,
nikajifunza kuipanda kama mtu anayeruka ukuta wa jirani.
Waliosema mjane haendeshi kinga ya mumewe
ndio hao hao wanaonigongea saa nane za usiku.
Kuna watoto mtaani kwangu
waliozaliwa mimi bado natweta."

Kijana wa kona hakutaka kusema.
Tulingoja.
"Unga," akasema. "Wa ng'ambo. Kwa Kipushi.
Njia siwaambii."
Tukacheka, naye akacheka,
akasogeza mguu kufunika namba iliyochongwa kwenye fremu.

Akabaki Lefteris, mtoto wa mwoka mikate,
Mgiriki aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi,
kaptura ya kubana, viatu vikigonga saruji kama kwato.
"Mimi naendesha..." akalitafuta neno, "bure.
Nafika kilomita ya arobaini, nageuka, narudi."
"Unapeleka nini?"
"Hakuna."
"Unaleta nini?"
"Jasho."
Mwansa akamtazama kwa huruma
kama mtu aliyepokea habari ya msiba.
Akainua ile baiskeli kwa vidole viwili,
akairudisha chini polepole, kama kikombe cha watu.
"Hii ingekufa ikiona gunia."

Kisha, bila kupandisha sauti:
"Tunajuana. Kila Jumamosi unanipita kwenye mpando.
Husalimu."
Lefteris akatazama viatu vyake.
"Pale mpandoni sina pumzi."
"Na mimi ninayo?"

Mvua ikapiga bati kwa muda mrefu.

Ilipokatika, barabara ilikuwa uji mwekundu.
Makala yakilowa ni mazito kuliko mti yalikotoka.
Mwansa alishika usukani, akaegemea, gurudumu likakataa.
Mama Kabedi aliegesha yake kwangu bila kuniuliza,
akafunga kitenge upya, akaweka bega.
Kijana wa unga akafuata, bado akiangalia nyuma.
Viatu vya Mgiriki viliteleza mara ya kwanza, ya pili,
akavivua, akaja pekupeku
na soksi nyeupe ambazo hazitakuwa nyeupe tena.
Mimi niliacha pampu.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Walikuwa na maana ya kuni, najua,
mwalimu alinichapa nilipochora baiskeli mbili.
Lakini katikati ya mpando ule, shavu langu kwenye gunia,
nilisikia vifua vinne na changu
vikivuta kama mivukuto,
nikasema moyoni: mwalimu, rudi uone.

Huko juu hakuna aliyesema asante.
Pumzi haikutosha.
Mwansa aliinua kidole kimoja tu, akaenda zake mjini.

Nilirudi mikono myeusi,
pampu iko palepale,
nikakumbuka hakuna aliyelipa.