Kadi ya Alkekonge

Kadi yake haijajaa hata uso mmoja.
Imepigwa taipu, wino umefifia,
na kwenye kona pana duara la kikombe
cha karani fulani aliyechoka.

“Imeshushwa majini Barrow, Oktoba 1942.”
Haisemi kwamba mvua ilinyesha,
kwamba bibi aliyepewa chupa ya kuivunja puani pake
alikosa mara mbili,
na mafundi wakagongana viwiko kwa kicheko.
Ikapewa jina la ndege mdogo wa bahari ya baridi,
ajuaye kupiga mbizi kuliko kuruka,
ikakabidhiwa mabaharia wa Norwe,
watu ambao nyumba zao zilikuwa na mgeni mwenye bunduki.

“Mitambo: dizeli mbili, mota mbili, betri.”
Babu yangu, Halvdan Rekdal, alikuwa mtu wa betri.
Alizijua seli zake kwa tabia, si kwa namba:
ile yenye hasira, ile mvivu, ile inayodeka.
Usiku, juu ya maji, dizeli zikinguruma,
betri zilikunywa.
Mchana, chini, kimya,
umeme ukatoka kidogo kidogo
kama posho ya mjane.
Uhai wa watu thelathini na sita, alisema,
ulikuwa sindano ya mita,
na anayeitazama ni mimi, nina mafua.

“Doria ya kwanza. Hakuna kilichoonekana.”
“Doria ya pili. Hakuna kilichoonekana.”
Hakuna!
Na ukungu wa kijani juu ya mikate, siku ya tisa?
Na Torleif Eikrem, mpishi, akiukwangua kwa kisu,
akiwaapia vijana kwamba ni iliki?
Na kitanda kimoja kwa watu wawili,
huyu akiamka, yule akiingia katika joto lake?

“Doria ya sita. Mabomu ya kina, thelathini na moja.”
Hapa karani kahesabu vizuri.
Babu naye alihesabu, kwa maharage,
akiyahamisha toka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia.
Taa zilipasuka. Rangi ilibanduka kama magamba.
Mtu mmoja alianza kucheka, akashindwa kuacha,
mwenzake akamshika mkono mpaka alfajiri
wasiyoiona.
Maharage yale yalipikwa kesho yake.

“Doria ya tisa. Meli moja, tani 2,100. Imezama.”
Ilikuwa Solbris, imebeba mawe ya chuma ya adui.
Lakini waliochochea moto tumboni mwake
walikuwa Wanorwe, wa mwambao uleule,
walioambiwa: kazi, au watoto walale njaa.
Topedo mbili. Sekunde hamsini na tatu.
Walishangilia, halafu
wakasikia mabati yakikunjika yakienda chini,
sauti ile, alisema babu,
kama ng'ombe aliyeshindwa kuzaa.
Torleif akamimina kahawa. Hakuna aliyeinywa.

Vita vilipokwisha, ukutani mwa duka la ushirika,
palibandikwa orodha ya waliozama na meli za mwambao.
Torleif alikuwa amekwenda kununua hamira.
Akasoma: Solbris. Akasoma:
Ingvald Stakkestad, mchocheaji makaa.
Walikalia dawati moja miaka saba.
Kifutio walichokuwa nacho kilikuwa kimoja,
wakakigawana kwa kukikata kwa meno.

Alirudi bila hamira.
Hakumwambia mtu ila babu,
na babu akakaa nalo miaka arobaini
akaja kuniambia mimi,
akibadilisha betri za redio,
bila kuinua macho.

“Imeuzwa kwa chuma chakavu, 1947.”
Basi. Kadi imekwisha.
Pengine sasa ni reli, ni sufuria,
ni kitasa ninachokishika kila siku.

Chini ya mstari huo pamebaki nafasi,
vidole vinne.
Mtunza nyaraka ameinama kuokota miwani yake.
Ingvald, naandika. Ingvald Stakkestad.
Kwa penseli.
Atakayetaka kufuta, afute:
vifutio wanavyo, tena vizima.