Jina la Mbwa

Nilikwenda kutafuta mbwa wa kunisemea.
Kwetu Mbale mbwa hupewa jina lenye meno:
unasimama uani, unamwita kwa sauti,
na jirani ng'ambo ya ua ndiye anayeitika moyoni.
Baba alikuwa na Sikuombi.
Shangazi alifuga Watachoka, hadi wakachoka wote wawili.
Mimi langu nilikuwa nalo, nimelinoa wiki mbili:
Mpaka-Uleule,
alisikie Wepukhulu aliyesogeza jiwe usiku
migomba yangu mitatu ikaamkia kwake.

Kituo kiko nyuma ya kinu cha zamani cha pamba.
Vibanda vya mabati na wavu, harufu ya dawa,
posho inatokota kwenye pipa.
"Nataka mkali," nikamwambia Wandeba mwenye funguo.
Wakali walikuwapo, walirukia wavu nikarudi nyuma.
Kibanda cha mwisho kilikuwa kimya:
mbwa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja nusu,
shingoni kovu la waya limezunguka kama ushanga,
ameugeuzia ukuta uso
kama mtoto aliyeambiwa asimame pale
na hakuna aliyerudi kumwambia inatosha.

"Huyo habweki. Miezi saba sasa.
Watu humtazama, wakapita."
Nikasikia mtu anasema, nipe huyo.
Mdomo ulikuwa wangu, na nauli ya boda ilikuwa yangu,
lakini mpaka leo sikumbuki kuamua.

Fomu iliuliza: Sababu ya kumchukua?
Nikaandika: ulinzi.
Wandeba akasoma, akakohoa, akapiga muhuri.
Jina? Nikaandika lile, kwa herufi kubwa.

Nyumbani nikasimama uani, nikavuta pumzi,
nikaliita kwa sauti ya kufika ng'ambo.
Wepukhulu akainua kichwa kwenye maharage yake.
Mbwa akalala chini, akajikojolea.
Kisha akaingia chini ya meza ya cherehani
na hakutoka siku mbili.
"Umeleta mlinzi au mgeni?" akauliza Mama Khalayi.
Hata mgeni hula, nikamjibu,
na bakuli limejaa nzi.

Usiku wa tatu Wanale ikanguruma.
Mvua ya huku haipigi hodi.
Umeme ukakatika, mabati yakapagawa,
na kule gizani pedali ya cherehani
ikaanza kutikisika yenyewe.
Nikapiga magoti, haya magoti yangu ya miaka sitini,
nikanyoosha mkono hadi kwenye lile kovu,
nikasema neno lililokuwa karibu:
basi.
Basi, basi. Basi, baba.
Pedali ikanyamaza.

Asubuhi nikamwaga uji, nikajikaripia, "Basi!"
na mbwa akatoka, akasimama mlangoni,
mkia wake unauliza.

Ndivyo ilivyo. Kila jioni nasimama uani naita: Basi!
Mama Khalayi anadhani nimemchoka.
Wepukhulu sijui alisikia nini;
Jumanne alikuja na jembe, akalitazama jiwe,
akakuna shingo, akarudi kwake.
Jiwe liko palepale.

Mwezi ujao Wandeba atakuja kukagua, na fomu yake.
Kwenye jina nitakata mstari mmoja.
Kwenye sababu, bado sijapata la kuandika.
Habweki. Anapumua tu, chini ya meza,
amelaza kidevu juu ya pedali,
na kanzu ya watu ya Ijumaa
naishona kwa mkono.