Vile Vitu

Kiswahili kina uchoyo, baba alisema mara moja tu,
amekaa kwenye ngazi za stoo ya tumbaku, Sikonge:
mzinga ndio unaotupa asali,
na mzinga ndio ule wa Mutukula.
Walishindwa kutafuta neno la pili?

Tangu siku hiyo hataji jina.
"Kalunde, lete kamba, twende kwenye vile vitu."

Hakuburutwa. Hilo ulijue kwanza.
Mwaka sabini na nane, uwanja wa gulio,
katibu alifungua daftari la shule,
lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada,
akasema, anayejitolea aje.
Baba alikuwa wa sita.
Shigela, mtoto wa mama yake mdogo,
alikuwa pembeni anachonga mpini.
Baba aligeuka, akamkonyeza.
Shigela akalaza shoka chini, akawa wa saba.

Aliyeitwa atamlaumu aliyemwita.
Aliyejiita je?
Na aliyekonyeza?

Alirudi na blanketi la kijivu,
saa isiyotembea,
na tabia ya kulala na viatu.
Usiku wa kwanza mama alimvua.
Usiku wa pili alivifunga kamba vizuri, asijikwae.
Haya nimesimuliwa; sikuwa nimezaliwa.
Mlango wa nyuma nimeukuta tayari una makomeo matatu.

Kitete walimpima presha,
wakampa vidonge vya presha.

Septemba ndiyo mbaya.
Jua likishika pori, maganda ya miyombo hupasuka,
ta! huku, ta! kule, mbegu zikaruka,
nasi watoto tukazikimbilia.
Yeye tulimkuta kifudifudi kwenye majani makavu,
mikono juu ya kisogo,
mgongo unapanda na kushuka kama wa mtu aliyetoka kuogelea.
Akainuka, akajipangusa magoti.
"Nyegere kapita hapa," akasema.
Tukaitazama ardhi isiyo na nyayo hata moja.
Ndiyo baba, kapita.
Mkubwa, akaongeza mdogo wangu Masele,
miaka mitano, anaonyesha kwa viganja ukubwa wake.

Kila mavuno sega la kwanza ni la mama Shigela.
Baba hulifunga kwenye jani, hulipeleka kwa miguu,
baiskeli ipo.
Bibi hutafuna polepole, hutema nta mkononi,
humwita mwanangu, humuuliza mgongo unaendeleaje.
Njiani kurudi baba hatembei, anasukumwa.
Mwaka juzi alisimama katikati ya shamba la watu:
"Angenitukana. Mara moja tu.
Ningelala."
Kisha akauliza bei ya mbolea.

Sasa napanda mimi, yeye magoti yamegoma.
Chini ameshika kamba, kienge kinafuka kando yake,
uso ameugeuzia upande usio na moshi.
Naweka sikio kwenye gome.
Ndani kunanguruma, kunanguruma hasa,
hadi meno yangu yanausikia ule mtetemo.

"Wapo?"
Wapo.
"Wanasemaje?"

Natazama chini, naona utosi wake, mvi,
vidole vilivyokaza hadi vimepauka.

Wamelala, baba.

"Kweli?"
Kweli.

Kamba inalegea kidogo,
kidogo tu,
kisha inakazwa tena.