Kulia na Kushoto

Oketcho aliandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji,
kwa penseli ya fundi, ile bapa:
Opio, K, saa nane.
Adongo, K, saa tisa kasoro.
Asubuhi hakuna aliyejua
K ni kulia au K ni kushoto.
Tukacheka, nami nikaushika mshono,
maana kucheka nako kuna bei.

Kulia. Neno lenyewe lina mitego.
Upande wa kulia. Kulia machozi.
Bakuli la kulia uji.
Siku ya tatu yote matatu yalikuwa yangu,
kitanda namba kumi na moja, Hospitali ya Tororo,
dirisha likitazamana na mwamba
uliokaa pale mkavu, haunyonyeshi mtu.

Opio alikuja na njaa yake tayari.
Alibana ncha tu, kama kibanio cha nguo,
akavuta, nikauma shuka.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema.
Mgeni alikuja, kilo mbili na nusu;
mwenyeji chuchu zikampasuka
kama udongo wa Januari.

Adongo hakubana, hakuvuta.
Kilo moja na gramu mia tisa za usingizi.
Nilimgusa shavu, nikamvua soksi,
nikamkuna nyayo, nikamwita kwa jina.
Akafungua mdomo kidogo, akausahau wazi.
Tone likamkaa ulimini, likateleza mpaka shingoni.
Nililifuta kwa kidole, nikalionja mwenyewe
nijue anakataa nini.

Nje waliniita Min Rut, mama wa mapacha.
Ndani ya chandarua nilikuwa mama wa mmoja na nusu.

Jirani wa kitanda cha pili akasema, mpe maji ya sukari.
Mama mkwe akaleta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai,
pamoja na maneno:
"Wangu sita, hakuna aliyefundishwa."
Uji niliumeza.

Sista Nyafwono aliosha mikono mpaka viwiko,
akaniuliza nimekula nini, akaketi.
"Usimpelekee mtoto titi. Mlete mtoto kwenye titi."
Akampitisha Opio chini ya kwapa langu, miguu nyuma,
kama mtu anayebeba kuku kwenda gulioni.
"Pua iangalie chuchu. Ngoja.
Ngoja apige mwayo. Bado. Bado.
Sasa."
Kidevu kikazama, midomo ikapinduka nje,
maumivu yakahesabu mpaka kumi, yakaondoka.

Kwa Adongo tukakamua kwenye kijiko:
dang'a ya njano, nzito kama ute wa yai,
matone kumi na manne.
Moja lilimwagika. Nililililia
kama watu wanavyolilia shamba.

Usiku wa tano umeme ulikatika.
Opio alikuwa kushoto, akimeza kwa kelele,
na kulia kukaanza kuvuja kwenyewe, bila kuitwa.
Adongo alikuwa kifuani hapo, ngozi kwa ngozi,
hana habari.
Tone la kwanza likampata kwenye unyusi.
La pili puani, akapiga chafya.
La tatu akalifuata.

Kaka alivuta kamba upande ule,
ndoo ikapandia kwa dada.

Hakushika vizuri, siwadanganyi.
Mara tatu akanyonya, akapumzika.
Mara nne. Akalala. Nikamkuna nyayo. Mara mbili.
Gizani nilisikia koo lake likisema k, k,
sauti ndogo kama saa ya mkononi,
nikazuia pumzi nisiikatize.

Kulipokucha mizani ilisema gramu kumi na tano.
Sista aliiandika bila kuinua macho,
kisha akainua macho.

Oketcho alifika kutoka zamu ya usiku,
vumbi la kiwanda bado kwenye kope,
akaikunjua karatasi yake gotini, akalamba penseli.
Adongo, nikamwambia. Saa tisa.
Andika neno zima leo,
usikate herufi hata moja:
kulia.